Chuo cha wachungaji, ukumbi wa tenisi na bomu la Nagasaki

Upande wa magharibi wa mji wa Dayton, jimbo la Ohio, palikuwa na jengo la matofali la ghorofa tatu lililojengwa mwaka 1879 kwa ajili ya kufundishia wachungaji, Seminari ya Theolojia ya Bonebrake. Kufikia miaka ya Vita vya Pili vya Dunia seminari ilikuwa imekwishahama na jengo limebaki mikononi mwa bodi ya elimu ya mji, likiwa limechakaa. Mwishoni mwa 1943 kampuni ya kemikali ya Monsanto ilikodi jengo hilo, ikalikarabati haraka haraka na kuweka walinzi. Majirani hawakuambiwa kitu. Humo ndani wanakemia walianza kusafisha poloniamu, metali yenye mnururisho mkali, kwa ajili ya bomu la atomiki.

Poloniamu ilihitajika kwa kazi moja tu. Katika bomu la plutoniamu, kama lile lililoangushwa Nagasaki, baruti huibana plutoniamu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na katika sehemu hiyohiyo lazima nyutroni, chembe zinazopasua atomi, zimwagike katikati yake, la sivyo mlipuko unakuwa hafifu. Nyutroni hizo zilitoka kwenye kiwashio kidogo kama gololi, ambamo poloniamu na beriliamu zilikutanishwa ghafla. Poloniamu yenyewe ilipimwa kwa miligramu. Ugumu wake ni kwamba nusu yake huisha kila baada ya siku 138, kwa hiyo haiwezi kuwekwa ghalani. Lazima itengenezwe mfululizo. Mwanzoni walijaribu kuikamua kutoka kwenye mabaki ya madini ya risasi ya kiwanda cha Port Hope, Kanada. Makumi ya tani yalitoa miligramu chache. Njia iliyowafaa ikawa ni kuweka metali ya bizmuthi ndani ya kinu cha nyuklia kule Oak Ridge, Tennessee, ambamo sehemu yake hugeuka poloniamu, kisha kuisafirisha hadi Dayton ikasafishwe.

Kazi ikalizidi jengo la seminari. Charles Allen Thomas, aliyeongoza mradi, akawageukia wakwe zake. Familia ya Talbott ilikuwa na jumba la starehe katika kitongoji cha Oakwood, Runnymede Playhouse, lililojengwa 1927, lenye uwanja wa tenisi wa ndani, jukwaa na kumbi za kupumzikia, katikati ya nyumba za watu. Thomas alifika mbele ya baraza la mji wa Oakwood akiwa haruhusiwi kusema jumba litatumika kwa kazi gani. Alichoweza kutoa ni ahadi kwamba halitaharibiwa. Mwaka 1944 likawekewa uzio, mataa na walinzi wa usiku na mchana.

Je, ilikuwa haki kufanya kazi ya namna hiyo mtaani, kwa siri, mahali ambapo watoto walikuwa wakicheza nje ya uzio?

Wanaotetea uamuzi ule wana hoja ambazo siwezi kuzipuuza. Kwanza ni wakati. Hakuna aliyejua vita vingeisha lini, na kujenga maabara mpya porini kungekula miezi ambayo mradi haukuwa nayo. Pili ni asili ya poloniamu yenyewe. Inatoa chembe za alfa, ambazo huzuiwa hata na karatasi au ngozi ya mtu. Jirani aliye ng'ambo ya barabara hapigwi na chochote kinachopenya ukuta. Tatu, waliokuwa ndani hawakuachwa bila uangalizi. Kila wiki walitoa mkojo upimwe, na ambaye kiwango chake kilipanda aliondolewa kwenye kazi ya poloniamu mpaka kishuke. Kwa miaka ile, wakati viwanda vingi havikujali wafanyakazi wanavuta nini kifuani, huo ulikuwa uangalifu wa kupigiwa mfano.

Lakini mkojo huohuo ndio ushahidi wa upande wa pili. Kama poloniamu ilionekana kwenye mkojo, maana yake ilikuwa imeshaingia mwilini, na ikishaingia mwilini habari ya karatasi na ngozi haina maana tena: chembe zilezile zinapiga viungo vya ndani moja kwa moja. Tena poloniamu ina tabia mbaya ya kuhama. Inang'oka pale ilipo na kutambaa juu ya meza, sakafu na mikono. Wafanyakazi walikuwa wanajua wapo kwenye kazi ya hatari, hata kama wengi hawakujua ni ya nini. Watu wa Oakwood hawakujua hata hilo, na baraza lao liliombwa kukubali jambo ambalo halikuelezwa. Sioni namna ya kuiita hiyo ridhaa.

Jibu la kawaida hapa ni kwamba siri ililazimu kwa sababu ya adui na wapelelezi. Hoja hiyo ingenishawishi zaidi kama siri ingefanya kazi yake. Katikati ya mwaka 1945 aliletwa Dayton mwanajeshi aliyeitwa George Koval, mzaliwa wa Iowa, aliyepewa kibali cha juu cha usalama. Kazi yake ilikuwa kupima mnururisho kwa ajili ya afya ya wafanyakazi, kazi iliyompa sababu ya kuingia karibu kila chumba. Koval alikuwa jasusi wa Umoja wa Kisovieti. Mwaka 2007 Urusi ilimtunukia, baada ya kufa kwake, cheo cha Shujaa wa Shirikisho la Urusi, na ikaeleza kwamba kiwashio cha bomu la kwanza la Kisovieti kilitengenezwa kwa maelezo aliyoyatuma. Kwa hiyo Moscow iliyajua ya Dayton kabla ya mtu aliyekuwa akimwagilia bustani yake jirani na jumba la Talbott. Ndiyo maana naegemea upande wa wanaolaumu. Kuficha ramani ya kiwashio kulikuwa halali kabisa. Kumficha jirani kwamba kuna sumu ng'ambo ya ua hakukumzuia adui yeyote.

Ahadi ya Thomas haikutimia. Baada ya kazi kuhamishiwa maabara mpya ya Mound, Miamisburg, karibu na Dayton, jumba la Runnymede lilikutwa limechafuka kiasi kwamba mwaka 1950 lilibomolewa lote. Mawe ya njia ya kuingilia yaling'olewa, udongo wa chini yake ukachimbwa, na vyote vikapelekwa Oak Ridge kuzikwa. Familia ililipwa fidia. Leo pana nyumba za watu binafsi.

Wapo wanaosikitika kwamba historia ilibomolewa. Kihesabu wana hoja: kwa kasi ya siku 138, baada ya miaka 10 poloniamu ingebaki sehemu moja tu kati ya zaidi ya milioni 80. Jumba lingeweza kufungwa likasubiri. Ila miaka ya kwanza ndiyo ya hatari kubwa, na kuwaomba watu wa Oakwood waishi kando ya nyumba iliyofungwa, safari hii wakijua, ingekuwa ni kuwatwisha mzigo mara ya pili. Kubomoa kulikuwa sahihi. Kasoro ni kwamba maelezo yalichelewa sana kuliko matingatinga.

Kumbukumbu nayo imekwenda upogo. Mwaka 2004 Bunge la Marekani liliagiza uchunguzi wa maeneo yanayofaa kuwa hifadhi ya historia ya mradi wa bomu, na Dayton ilikuwamo. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 2015 ilibaki na vituo vikuu vitatu vya mradi, Los Alamos, Oak Ridge na Hanford, tu. Nje kabisa ya orodha hiyo upo mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo, ambako ilitoka sehemu kubwa ya urani ya mradi mzima. Huko nako wachimbaji walibeba mawe kwa mikono bila kuambiwa ni ya nini, na kwao hakukuwa na wa kupima mkojo kila wiki. Dayton ilirudiwa na wapimaji miongo kadhaa baadaye, wakachukua sampuli za udongo. Shinkolobwe watu waliendelea kuchimba wenyewe hadi serikali ilipopiga marufuku mwaka 2004, na mwaka huohuo sehemu ya mgodi ikaporomoka na kuua. Anayepigania kibao cha kumbukumbu pale seminari iliposimama ana haki yake, na mimi namuunga mkono, mradi jina la Shinkolobwe liandikwe kwenye kibao hichohicho.