Kilomita za Mwamuzi wa Raga Zinapima Nini?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu waamuzi wa ligi kuu ya raga ya Uingereza ulipata kwamba mwamuzi mmoja alisafiri wastani wa takriban kilomita 8.5 katika mechi moja ya dakika 80. Mwaka 2013 ulichapishwa mwingine, uliofanywa kwa waamuzi wa Uhispania waliovaa vifaa vya GPS mgongoni, na wastani wake ukawa takriban kilomita 6.3. Pengo la kilomita mbili ni kubwa. Mtu mwenye haraka angeweza kusema kwamba Waingereza walikuwa na pumzi zaidi, lakini ligi hizo mbili hazikuwa za kiwango kimoja, mwendo wa mchezo haukuwa mmoja, na hata njia za kupima zilitofautiana. Tangu hapo vifaa vimekuwa vidogo na vya bei nafuu zaidi, na swali la matumizi ya kilomita hizo limetoka kwenye maabara likafika kwa wanaopanga waamuzi wa mechi.

Wanaotetea upimaji wana hoja ambayo sioni namna ya kuikataa. Timu ya taifa huingia mechini na wachezaji 8 wa akiba, na kocha hubadilisha karibu nusu ya kikosi chake katika kipindi cha pili, wakati mwamuzi habadilishwi mpaka aumie. Dakika ya 65, anapoandamana na winga aliyeingia uwanjani muda mfupi uliopita, miguu yake ina kazi ya mchezo mzima. Isitoshe, mara nyingi ni mtu mzima kuliko karibu wote wanaomzunguka: Nigel Owens alichezesha fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2015 akiwa na miaka 44, na Wayne Barnes akachezesha ile ya mwaka 2023 akiwa na umri uleule. Mwili wa umri huo hauwezi kuandaliwa kwa kubahatisha. Mkufunzi akijua kwamba mechi humtaka mwamuzi atembee kwa muda mrefu, kisha afyatuke mbio kali za mita 20 au 30, asimame, arudi kinyumenyume, kisha afyatuke tena, ataacha kumpa mazoezi ya kuzunguka uwanja kwa mwendo mmoja. Atampa kitu kinachofanana na kazi yenyewe, kwa mfano jaribio la Bronco, ambalo humtaka mtu aende na kurudi mita 20, kisha 40, kisha 60, mizunguko mitano bila kupumzika, jumla mita 1,200.

Hoja hiyo hupata nguvu zaidi katika raga ya wachezaji saba kila upande, na hapa Kenya ina la kusema. Uwanja ni uleule wa wachezaji 30, lakini waliomo ni 14, kwa hiyo mpira unaweza kwenda mwisho hadi mwisho ndani ya sekunde chache na mwamuzi hana njia ya mkato. Mechi ni ya dakika 14 tu, ila mwamuzi huchezesha kadhaa kwa siku, na mashindano huendelea siku mbili. Msururu wa kitaifa wa Kenya huwahamisha watu kutoka Prinsloo Sevens mjini Nakuru, penye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hadi Driftwood Sevens mjini Mombasa, penye joto na unyevu wa pwani. Mwamuzi mwenye ajira nyingine ya kumlisha hana muda mrefu wa kupona. Anayepanga ratiba akiweza kuona jumla ya mbio za kila mmoja kufikia jioni ya Jumamosi, atajua nani apewe mechi chache Jumapili kabla paja halijakaza. Hata hapo umbali peke yake hautoshi, kwa kuwa kilomita tatu za Nakuru na kilomita tatu za Mombasa haziuchoshi moyo kwa namna moja. Ni lazima mapigo ya moyo yasomwe pamoja nazo.

Matatizo huanza pale namba iliyokusudiwa kumlinda mwamuzi inapogeuzwa kuwa namba ya kumpima ubora. Hapa upande wa wanaopinga una uzito kuliko unavyosikilizwa.

Tazama kinachotokea mchezaji anapoangushwa na mpira wake ukabaki chini. Katika muda wa kama sekunde mbili, mwamuzi anatakiwa aone iwapo aliyeangusha amemwachia aliyeangushwa na kujiondoa, iwapo wa kwanza kufika amesimama kwa miguu yake au ameegemea miili iliyolala, iwapo mikono iligusa mpira kabla raki (wachezaji wa pande zote mbili wakisukumana wakiwa wamesimama juu ya mpira ulio chini) haijaundwa au baada yake, na iwapo mabeki wamebaki nyuma ya mguu wa mwisho. Ili ayaone hayo yote, anahitaji kuwa hatua chache tu kutoka hapo, ubavuni, katika pembe inayomwonyesha mpira. Mwamuzi mzoefu hufika mapema kwa sababu amesoma mchezo: amemwona namba 9, anayeutoa mpira kwenye raki, akigeuza bega kulia, akakata kona kabla mpira haujaondoka. Kwa kila shambulio anaokoa mita kadhaa. Mgeni wa kazi huufuata mpira kokote uendako, hufika akihema, na mwisho wa siku kifaa chake husoma kilomita nyingi zaidi. Tukiwapanga kwa umbali, tutamtanguliza asiyejua kusoma mchezo.

Hata mchezo wenyewe huichafua namba. Siku ya mvua yenye skramu nyingi (wachezaji wa mbele wa timu zote mbili wakiinama na kusukumana kugombea mpira) zinazoporomoka na kuanzwa upya, mwamuzi husimama mahali pamoja kwa dakika nzima akiwaelekeza wachezaji wa mbele, na kazi hiyo ya macho na sauti haihesabiwi na setilaiti yoyote. Timu mbili zinazopigiana mpira kwa mateke marefu zitampa umbali mkubwa ambao haukumdai uamuzi hata mmoja mgumu. Vifaa navyo vina mipaka. Vile vya awali vilivyosoma mahali alipo mtu mara moja kwa sekunde havikuaminika katika mbio fupi na mageuko ya ghafla, yaani hasa aina ya mwendo wa mwamuzi. Vya sasa husoma mara 10 kwa sekunde na vimepunguza tatizo hilo, ingawa ndani ya uwanja uliofunikwa paa GPS bado huhitaji msaada wa mitambo mingine.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kudai kwamba, kwa kuwa siku hizi kuna mwamuzi wa video na chumba cha mapitio, miguu ya mwamuzi imepungua umuhimu. Hutaja fainali ya mwaka 2023 kati ya Afrika Kusini na New Zealand, iliyoisha 12 kwa 11: kadi ya njano ya Sam Cane, nahodha wa New Zealand, iligeuzwa kuwa nyekundu na walioketi mbele ya skrini, na trai (bao la kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) ya mwenzake Aaron Smith ikafutwa kwa kosa la kuangusha mpira mbele lililotokea awamu kadhaa kabla yake. Ni kweli kwamba maamuzi hayo mawili hayakutegemea mbio za Barnes. Lakini mapitio ya video yamewekewa mipaka, hasa kwenye trai na mchezo wa hatari, na penalti za kawaida za kwenye raki, zinazoamua mechi nyingi zaidi kimyakimya, bado humtegemea mtu aliyefika kwa wakati. Kwa hiyo siwaungi mkono. Mbio zina thamani kwa sababu humfikisha mwamuzi mahali pa kuonea.

Kipimo kinachostahili kutafutwa ni umbali uliopo kati ya mwamuzi na mpira kila raki inapoundwa, na jinsi umbali huo unavyobadilika kati ya dakika ya 10 na ya 70. Ukikua kwa kiasi kikubwa, hapo ndipo kilomita na mapigo ya moyo vitafaa kueleza kama sababu ni pumzi au ni kusoma mchezo vibaya. Kazi hiyo haihitaji teknolojia ghali kuanza: kamera moja iliyowekwa juu jukwaani katika mechi ya Kenya Cup, ligi kuu ya raga ya Kenya, na mkufunzi atakayekaa na mwamuzi wiki hiyohiyo kuipitia raki kwa raki, vingetosha. Takwimu za mwili ziwe mali ya mwamuzi kwanza, zisomwe naye pamoja na mkufunzi na daktari wake, na zisifike mezani kwa wanaogawa mechi isipokuwa kwa swali moja tu la kama mtu huyo anahitaji kupumzishwa.