Nomino ya Kikpelle iingie kwenye kamusi kwa umbo lipi?

Mswahili anayefungua sarufi ya Kikpelle, lugha ya Liberia na Guinea katika familia ya Kimande ya Afrika Magharibi, hutafuta ngeli asizione. Huko kinachogeuka ni konsonanti ya kwanza ya nomino. Chukua polu, mgongo. Wako ni ípolu, wetu kúpolu, wao dípolu, p haijaguswa. Wangu, hata hivyo, ni ḿbolu, na wake ni m̀bolu: mimi na yeye tunatofautiana kwa toni tu, yaani sauti ya juu (ḿ) au ya chini (m̀), ya nazali, ile sauti ya puani. Vivyo hivyo t huwa nd, k huwa ŋg (ŋ ni ng' ya ng'ombe), f huwa mv. L humezwa kabisa: lii, moyo, huwa nii.

Wengine husema hii ni fonolojia tupu. Nazali ni kiambishi cha mwenye kitu, nayo huighunisha sauti inayoifuata, yaani huifanya itamkwe kwa mtetemo wa koo, kama p inapokuwa b. Hoja ina uzito, maana í, kú na dí hazina nazali na hazibadilishi chochote. (Kwetu ulimi huwa ndimi, lakini katika ukuta na kuta ni nazali inayotoweka, ilhali Kikpelle huibakiza nazali na kuighunisha konsonanti.)

Wengine hutazama Kimende cha Sierra Leone, lugha ya jamaa: pɛlɛ ni nyumba, nya wɛlɛi ni nyumba yangu. Nazali haisikiki, na p imelegea kuwa w kwa sababu tu imetanguliwa na mmiliki. Hapo mabadiliko ni sarufi, hujifunzwa hivyo hivyo. Kwa Kikpelle naona upande wa kwanza una haki, kwa kuwa kiambishi chenyewe bado kinatamkwa.

Ila haki hiyo haimsaidii mtunga kamusi. Akiorodhesha mizizi pekee, aliyesikia nii ataitafuta kwenye n, na umbo hilo halimwambii kama mzizi unaanza na l. Tena nomino za viungo na za undugu hazisimami bila mwenyewe, tofauti na vitu vya kawaida. Ni kama Kiswahili kinavyokubali mumewe na dadake lakini si mezake. Kwa hizo, kidahizo, yaani neno linaloorodheshwa, kiwe mzizi, kama lii, kando yake maumbo ya "wangu" na "wake", na kwenye n kuwe na rejeo fupi.

Anayeona alama za toni ni mzigo azifute kwingine, lakini aziache juu ya nazali. Bila hizo, mbolu ni mgongo wangu na ni mgongo wake pia.