Asilimia 67 Haikuwa Kura ya Kadhi

Kila mjadala wa kuirekebisha Katiba ya Kenya unapofufuka, kuna hoja inayotolewa kwa wepesi mno: Waislamu wasihofu kura ya maamuzi, kwani Mahakama za Kadhi zilipitishwa na wananchi wenyewe tarehe 4 Agosti 2010, tena kwa takriban asilimia 67. Wanaosema hivyo hawasemi uongo. Lakini nambari hiyo inabebeshwa mzigo usio wake, na wale wanaoonya kwamba ndoa, talaka na mirathi ya jamii ndogo si jambo la kupigiwa kura na nchi nzima huonekana kama watu wasioiamini demokrasia. Hoja yao ni nzito kuliko hivyo.

Kwanza, haki ya upande wa kura. Tarehe 24 Mei 2010, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua, katika kesi iliyofunguliwa na viongozi wa makanisa mwaka 2004, kwamba kifungu cha 66 cha katiba ya zamani, ambacho ndicho kilichozitambua Mahakama za Kadhi, kilikwenda kinyume na usawa wa dini mbele ya dola. Siku 72 baadaye wapiga kura wakaipitisha rasimu yenye kifungu cha 170, na kadhi akabaki ndani ya katiba. Tumezoea kuambiwa kwamba majaji huwalinda wachache na umati huwaonea. Hapa ilikuwa kinyume chake. Tangu siku hiyo, hakuna anayeweza kusema mahakama hizi ni masalia ya ukoloni yaliyoingizwa kinyemela.

Wapinzani wa mahakama hizo nao walikuwa na hoja. Kifungu cha 8 cha katiba ya 2010 kinasema hakuna dini ya dola. Kwa nini basi mishahara ya makadhi itoke kwenye kodi ya wote? Rasimu ya 2005 ilijaribu kulijibu swali hilo kwa kuruhusu mahakama za Kikristo, za Kihindu na za dini nyingine, na rasimu nzima ikaangushwa kwa asilimia 58. Viongozi wa makanisa walinung'unika pia kwamba Kamati ya Wataalamu, iliyoandaa rasimu ya 2010, ilitaja mambo matatu tu yenye utata, yaani mfumo wa serikali kuu, ugatuzi na vipengele vya mpito, na ikaliacha suala la kadhi nje ya orodha. Malalamiko hayo yalistahili kujibiwa kwa utaratibu zaidi kuliko yalivyojibiwa.

Sasa turudi kwenye ile asilimia 67. Karatasi ya kura ilikuwa na swali moja, ndiyo au hapana, juu ya vifungu 264 katika sura 18. Ndani yake mlikuwa na kaunti 47, Seneti, tume ya ardhi, Sheria ya Haki (sura ya haki za msingi) na kupunguzwa kwa madaraka ya rais. Waliopinga walishika mambo matatu zaidi ya mengine: utoaji mimba, ardhi na kadhi. Mpiga kura wa Nyeri au Kisumu aliyechagua kijani, rangi ya upande wa ndiyo, huenda alikuwa anapigia kura fedha za kaunti yake, na kadhi akapita kwa sababu yumo safarini pamoja na wengine. Kura ile haikumuuliza mtu yeyote kama anakubali Mwislamu wa Malindi aamuliwe talaka yake na kadhi. Hatuwezi kuisoma kana kwamba ilimuuliza.

Sababu ya jambo hili kuwa muhimu ni hesabu ya miungano. Sensa ya 2009 iliwahesabu Waislamu milioni 4.3 kati ya watu milioni 38.6, yaani karibu asilimia 11. Katika mkataba mzima, asilimia 11 ina nguvu ya kujadiliana: tupeni kifungu cha 170, nasi tutasimama nanyi kwenye ugatuzi. Katika swali moja lililotengwa, nguvu hiyo hupotea. Hakuna cha kubadilishana. Jirani asiyeathirika kwa lolote na hukumu ya kadhi anapiga kura kwa hisia zake juu ya Uislamu, na kura yake ina uzito sawa na ya mwanamke anayesubiri faskhi, yaani kadhi aivunje ndoa yake.

Mkataba huo ulikuwa na mizizi mirefu. Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, waliandikiana barua za kuhakikisha kwamba mamlaka ya makadhi yatadumu wakati ukanda wa Pwani wa maili kumi, uliokuwa chini ya Sultani, ukijiunga na Kenya huru. Kwa watu wengi wa Pwani, hilo lilikuwa sharti la kuungana. Kuliita fadhila ya walio wengi, inayoweza kuondolewa na walio wengi haohao, ni kulisoma vibaya.

Jambo ambalo wengi hawalitazami ni kiwango kinachotakiwa ili kura ipite. Mwaka 2010 sheria ilidai zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau asilimia 25 ya kura za kuunga mkono katika mikoa isiyopungua mitano kati ya minane. Sharti hilo la pili lilipima ridhaa na kuenea kwake. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 255(2), ikaleta kipimo kingine kwa siku zijazo: asilimia 20 ya waliosajiliwa wapige kura katika kila moja ya angalau nusu ya kaunti, kisha wingi wa kawaida. Yaani katika kaunti hizo wanatakiwa kujitokeza tu. Hawatakiwi kukubali.

Tupige hesabu. Chukulia kila kaunti ina wapiga kura 100 waliosajiliwa, jumla 4,700. Kaunti 24 zitoe watu 20 kila moja: wamepiga kura 480. Wakisema ndiyo 241, Sheria ya Haki imebadilishwa na watu karibu watano katika kila mia. Haielekei kutokea hivyo sawasawa, lakini ndicho kiwango kilichoandikwa. La kuelekea zaidi ni hili: Garissa, Wajir, Mandera na Kwale, zenye Waislamu wengi, zikatae kwa kauli moja, na sharti la kaunti lisitikisike hata kidogo. Hazihitajiki kukubali, wala kuwamo katika zile 24.

Bunge nalo si kizuizi. Kwa njia ya kifungu cha 257, saini milioni moja za wapiga kura na idhini ya mabunge 24 ya kaunti zinaupeleka mswada bungeni. Nyumba moja ya Bunge ikiukataa, mswada unakwenda kwa wananchi vilevile. Mahakama ya Juu, katika uamuzi wake wa Machi 2022 juu ya BBI, mpango wa kuirekebisha katiba, ilisema nadharia ya muundo msingi wa katiba haitumiki Kenya. Kwa lugha nyepesi, hakuna kifungu ambacho kura haiwezi kukifikia, mradi taratibu zimefuatwa.

Kuna pingamizi moja ambalo watetezi wa wachache hawapaswi kulikwepa: ndani ya wachache kuna wachache. Kifungu cha 24(4), kilichomo katika Sheria ya Haki, kinaruhusu kanuni za usawa zipunguzwe kwa Waislamu mbele ya kadhi katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mwanamke anayepata nusu ya fungu la kaka yake ana haki ya kuuliza nani alimpigia kura yeye. Lakini kifungu hicho kinasema upunguzaji uwe kwa kiasi kinachohitajika kabisa tu, na 170(5) inataka pande zote ziwe za Waislamu na ziyakubali mamlaka ya kadhi. Mwishoni mwa Juni 2025, Mahakama ya Juu ilikisoma kifungu cha 24(4) kwa ufinyu huohuo na ikakataa kuwanyima urithi watoto waliozaliwa na baba Mwislamu nje ya ndoa. Wapo Waislamu walioumizwa na hukumu hiyo, na wapo walioipokea kwa shukrani. Wote wana sababu zilizoandikwa za kubishana nazo. Sanduku la kura halitoi sababu, na haliwezi kukihifadhi kifungu huku likikipunguza makali.

Wanaopenda kura hutaja Ayalandi, na mfano huo unafaa, ila usomwe wote. Asilimia 62 walipitisha ndoa za jinsia moja Mei 2015, na ugomvi ukatulia upesi. Lakini talaka, iliyopigwa marufuku na katiba ya 1937, ilikataliwa kwa zaidi ya asilimia 63 mwaka 1986 na kupita mwaka 1995 kwa tofauti ya kura 9,114 kati ya zaidi ya milioni 1.6. Watu ambao ndoa zao zilikuwa zimekwisha walisubiri miaka tisa zaidi ili majirani wabadili mawazo.

Mahakama za Kadhi zikiondolewa, nikahi hazitakoma. Sheria ya Ndoa ya 2014, iliyopitishwa na Bunge bila kura ya maamuzi, inazitambua ndoa za Kiislamu pamoja na uwezekano wa mitala. Tatizo litakuja ndoa ikivunjika: khului (talaka inayoombwa na mke), mahari iliyosalia, matunzo ya eda na mafungu ya mirathi yatapelekwa kwa hakimu ambaye huenda hajasoma fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu. Leo hata rufaa inapofika Mahakama Kuu, sheria inaweka Kadhi Mkuu au makadhi wawili wakae kama washauri wa jaji.

Dawa si kuifuta kura ya maamuzi. Ni kurudisha kipimo cha ridhaa: marekebisho yanayogusa 24(4) au 170 yapate asilimia fulani ya kura za ndiyo katika kaunti ambako wahusika ndio wengi, pamoja na wingi wa nchi nzima. Ugumu ni kwamba sura ya marekebisho yenyewe imo katika orodha ya kifungu cha 255(1), ya mambo yasiyobadilishwa bila kura ya maamuzi, kwa hiyo kubadili kiwango hicho kutahitaji kura ya maamuzi kwa kiwango hichohicho kilicho chini. Nafasi iliyopo ni pale mfuko mwingine wa marekebisho utakapopitia njia ya kifungu cha 256, inayodai theluthi mbili ya kila nyumba: wabunge 233 kati ya 349, maseneta 45 kati ya 67. Hapo kura za wabunge wa Pwani na Kaskazini Mashariki huhitajiwa na wenzao, na sharti hili linapaswa kuwekwa mezani kabla hawajazitoa.