Paneli za Nano Juu ya Mabati ya Kisumu: Ufanisi Pekee Hautoshi

Seli za jua za perovskaiti, yaani zinazotumia aina ya fuwele iitwayo hivyo kugeuza mwanga kuwa umeme, zimeendelea kwa kasi ambayo silikoni, mada ya paneli za kawaida, haikuwahi kuifikia. Mwaka 2009, Tsutomu Miyasaka na wenzake nchini Japani waliripoti ufanisi (sehemu ya nishati ya jua inayogeuzwa kuwa umeme) wa asilimia 3.8, leo maabara zimevuka asilimia 26, na seli hizo zikitandazwa juu ya silikoni, ufanisi wa pamoja umepita asilimia 34. Nanomada, yaani mada za chembe ndogo mno zinazopimwa kwa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita), zimechangia pakubwa. Chembe za nano za oksidi ya titani, kwa mfano, huzipokea elektroni na kuzipitisha kabla nishati yake haijapotea ndani ya seli.

Kwa mkazi wa mitaa ya Nyalenda au Manyatta, Kisumu, mwenye paa dogo, ongezeko hilo si la kupuuzwa. Uzalishaji nao ni mwepesi zaidi, kwa kuwa silikoni huyeyushwa kwa joto linalozidi nyuzi 1,400, ilhali perovskaiti hupakwa ikiwa majimaji na kukaushwa kwa nyuzi 100 hadi 150 hivi. Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru, kiwanda kimekuwa kikiunganisha paneli tangu 2011 kwa seli zinazoagizwa kutoka ng'ambo. Teknolojia hii inaweza kutusogeza karibu na siku ya kutengeneza seli zenyewe.

Hata hivyo, mtu hununua paneli ili idumu. Ya silikoni mara nyingi huuzwa kwa dhamana ya miaka 25 hivi, huku perovskaiti ikiharibiwa na mambo yaleyale ambayo Kisumu inayo tele: unyevu wa ziwa, joto, na hata mwanga wa jua. Matabaka ya nano yanayozuia maji yamepunguza udhaifu huo, na baadhi ya seli zimestahimili jaribio la saa 1,000 katika nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85. Jaribio hilo ni kali, lakini hufanywa gizani, ilhali juu ya paa paneli huchomwa na jua mchana, hupoa usiku na kupigwa na mvua, mwaka baada ya mwaka.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni risasi, yale madini mazito yenye sumu. Perovskaiti zenye ufanisi mkubwa huwa na takriban gramu moja ya madini hayo, au pungufu, kwa kila mita ya mraba. Watetezi wake husema, na ni kweli, kwamba betri moja ya gari ina kilo kadhaa. Lakini betri hukaa ndani ya kasha lake, na paneli hukaa juu ya mabati yaleyale tunayokingia maji ya mvua, yanayotiririka kwenye mifereji hadi tangi ambamo familia huchota ya kunywa na kupikia. Mvua ya mawe ikipasua kioo, chumvi za risasi huyeyuka majini. Kenya inaijua sumu hii: mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Watafiti wamekwisha kuunda tabaka linalonasa risasi kioo kinapopasuka, na kwa maoni yangu tabaka hilo liwe sharti la kuuza paneli hizi nchini. Zianze kwenye mashamba ya sola yaliyozungushiwa ua, huku nyingine zikipimwa kando ya ziwa kwa misimu kadhaa ya mvua. Nyumba zinazokinga maji ya mvua ziendelee kutumia silikoni hadi matokeo ya vipimo hivyo yatolewe hadharani.