Faiba ya mnarani ndiyo inayotufunga

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipotupiga na barabara ya Lindi–Dar ikakatika Somanga, kila spea ya minara ya simu iliyotegemewa kutoka Dar ilikwama njiani. Bado wapo wataalamu wanaotuambia tununue kila kifaa cha mnara kwa mtengenezaji mmoja ili tupunguze matatizo. Inaniuma sana.

Tazama mnara wowote, uwe wa Liwale au Nanyumbu. Antena unabadilisha, maana kiunganishi cha 4.3-10 ni kilekile kwa kampuni zote. Betri na rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme uwe wa kuchaji betri, vilevile, umeme ni volti 48 hasi. Kinachotufunga ni faiba inayopanda kutoka bezibendi, kifaa cha chini kinachochakata data, hadi redio, kifaa cha juu kinachorusha mawimbi. Humo hupita CPRI, lugha ya mawasiliano kati ya vifaa hivyo viwili, ambayo Ericsson, Huawei, NEC, Nortel na Siemens waliianzisha 2003 wakaiita ya wote, kisha wakaacha humo nafasi ya kila kampuni kujaza mambo yake. Ndiyo maana radi ikiunguza redio ya kampuni moja, redio ya kampuni nyingine iliyoko stoo Mtwara, masafa yaleyale, haifai kitu.

Dawa ipo. O-RAN Alliance, muungano wa kampuni za simu na watengenezaji ulioundwa 2018, umechapisha mgawanyo wa 7.2x, yaani kanuni ya wazi ya jinsi bezibendi na redio zinavyogawana kazi, na huko Japani kampuni ya simu ya Rakuten imehudumia wateja tangu 2020 kwa programu na redio za kampuni tofauti. Zabuni zetu ziache kuandika "mfumo uwe wazi" na kuishia hapo. Ziandike toleo la 7.2x, usimamizi wa redio kwa NETCONF, itifaki ya wazi ya kuamrisha vifaa, na malipo ya mwisho yasitoke mpaka simu ipigwe kupitia redio ya kampuni ya pili ikiwa imeunganishwa na bezibendi ya kampuni ya kwanza.

Kwenye mfumo huo wazi, kinachosumbua zaidi ni saa. Redio hizi hupata muda kupitia faiba kwa PTP, itifaki ya kulinganisha saa za vifaa. Ukipachika katikati swichi ya mtandao isiyosahihisha muda, redio itawaka na kuonekana kwenye mfumo, ila haitarusha mawimbi. Umbali nao una kikomo: ucheleweshaji unaoruhusiwa ni kama maikrosekunde 100, kila kilomita ya faiba hula 5, kwa hiyo usivuke kilomita 20, na swichi nazo zinakula humo humo.

Sawa, kampuni mbili zitarushiana mpira hitilafu ikitokea. Basi mkataba umtaje mmoja wa kubeba lawama.

Maikrowevu, yaani kiungo cha mawimbi kati ya mnara na mnara, ndiyo ngumu kuliko zote, ncha mbili lazima ziwe za kampuni moja. Huko weka Masasi redio mbili za akiba kwa kila bendi ndogo ya masafa, moja ya masafa ya juu na moja ya masafa ya chini, kabla ya masika.