Msomi wa Sera Ndani ya Chumba cha Habari

Kila Aprili, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zinapowekwa mezani bungeni Dodoma, waandishi hukabidhiwa mamia ya kurasa na mhariri huitaka habari jioni ile ile. Kinachochapishwa, aghalabu, ni kiasi cha fedha kilicho kikubwa kuliko vyote, bila msomaji kuelezwa kama fedha hizo ziliibwa, zililipwa bila nyaraka za kuthibitisha malipo, au hazikukusanywa kabisa. Mambo hayo matatu yana wahusika tofauti na dawa tofauti.

Ndiyo maana namwelewa kijana anayesomea shahada ya umahiri katika sera za umma huku akikusudia kuwa mwandishi wa habari. Darasani amefundishwa kutofautisha fedha zilizoidhinishwa na Bunge na zile zilizotolewa na Hazina, tofauti ambayo vichwa vya habari vya “Serikali yatenga mabilioni” huipita kila Juni, ingawa ndiyo inayoamua kama zahanati ya kijiji itaezekwa au itabaki kuta. Anajua pia kwamba sera haikomei siku inapozinduliwa. Inaanzia hapo safari ya kwenda halmashauri, na huko ndiko nyingi hukwama.

Wapo wanaompinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Ya kwanza ni ya kisheria: Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi hiyo, na kanuni zake za mwaka 2017 ziliweka kiwango cha chini kuwa stashahada ya uandishi wa habari au fani inayohusiana nayo. Shahada ya sera, hata ikiwa ya juu kiasi gani, peke yake haimhakikishii kitambulisho cha uandishi. Ya pili ni kipato, kwa kuwa mwandishi wa kujitegemea mkoani hulipwa kwa habari iliyotoka, na ada ya shahada ya pili hairudi kwa malipo ya namna hiyo.

Hoja ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi. Masomo ya sera humzoeza mtu kuitazama nchi akiwa upande wa ndani wa meza ya wizara: tatizo ni lipi, njia mbadala ni zipi, gharama ni kiasi gani. Mwananchi katika hesabu hiyo huitwa mnufaika. Zaidi ya hapo, wasomi wa fani hii wengi huendesha maisha kwa kazi za ushauri elekezi zinazotolewa na wizara na wafadhili wale wale ambao mwandishi anapaswa kuwahoji. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018, yaliyozuia kuchapisha takwimu zinazokinzana na za serikali kabla ya kulegezwa mwaka 2019, yaliwagusa wasomi na waandishi kwa pamoja, lakini anayetarajia mkataba mwezi ujao ana sababu ya ziada ya kunyamaza.

Hata hivyo sikubali kwamba jibu ni kuchagua kimoja. Ninachokiona ni suala la mpangilio: aanze kwenye chumba cha habari, hata miaka miwili tu, aripoti vikao vya madiwani, akatazwe kuingia, akoseshwe usingizi na mtu aliyemwamini akamdanganya, ndipo aende kusoma sera akiwa na maswali yake mwenyewe. Na akishaanza kuandika kuhusu serikali, asipokee kazi ya ushauri kutoka wizara anayoiripoti. Hapo sioni nafasi ya maridhiano.

Kuna kazi moja ambayo ni yeye hasa anayeiweza. Nyaraka nyingi za kitaalamu zinazoongoza sera zetu huandikwa kwa Kiingereza, ilhali wanaoguswa nazo wanazijadili kwa Kiswahili sokoni na kwenye mikutano ya kijiji. Kuzihamisha bila kuzipotosha kunahitaji mtu anayeielewa nyaraka yenyewe, na aliyekwisha kukaa kwenye benchi la mkutano ule akisikiliza yanayoulizwa.