Lupu ndani ya paipu: bash ina bagi au sisi ndo hatujaielewa?

Juzi hapa Ngamiani, Tanga, dogo mmoja anayetunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi kaniletea skripti yake ya bash (sheli, yaani programu inayopokea na kuendesha amri za kompyuta), inasoma faili la mauzo na kujumlisha. Juu kaweka jumla=0, alafu cat mauzo.txt | while read bei; do jumla=$((jumla+bei)); done, mwisho echo $jumla. Akiprinti ndani ya lupu (hapo while hadi done, panaporudiwa kwa kila mstari) anaona hela inapanda vizuri tu, lupu ikiisha inatoka 0. Akasema bash ina bagi.

Mi hapo sikukubaliana naye. Bash kila amri iliyo kwenye paipu (ile alama | inayopeleka matokeo ya amri moja kwa inayofuata) inaifungulia sheli ndogo yake, nakala ya ile kubwa, kwahiyo lupu inabadilisha jumla ya kwenye nakala, ikimaliza inakufa na namba zake na sheli kubwa haijui chochote. Wanaoitetea wana hoja nzito, amri za paipu zinakimbia kwa pamoja, kila moja na mazingira yake, hakuna anayemvurugia mwenzake veriabo, na POSIX, kile kiwango cha pamoja cha sheli za Unix, inaruhusu.

Ila dogo nae ana haki ya kulalamika, maana sheli nyingine kama ksh (ile ya asili) na zsh zinaendesha amri ya mwisho ya paipu kwenye sheli ileile, skripti yake ingetoa jumla sahihi, na POSIX hiyohiyo inaruhusu na hilo! Yaani unaijaribu kwenye zsh ya Mac inakubali, unaipeleka kwenye seva ya Ubuntu ambako sh ni dash (sheli nyingine tena, nayo inafungua sheli ndogo kama bash), unapata 0 bila error yoyote, na mtu anafunga hesabu za siku kwa hiyo 0. Huo ukimya ndo unaoniuma kuliko sheli ndogo yenyewe.

Kuna wanaosema washa lastpipe, seting ya bash inayoendesha amri ya mwisho ya paipu kwenye sheli ileile, ipo tangu bash 4.2 ya 2011. Sawa, lakini inataka job control (uwezo wa sheli wa kusimamisha na kuendeleza kazi) iwe imezimwa, kwahiyo ndani ya skripti inafanya kazi, ukiijaribu kwa mkono kwenye terminal haifanyi, unazidi kuchanganyikiwa. Data ikitoka kwenye amri nyingine, done < <(amri) inailisha lupu matokeo ya amri bila paipu, ni nzuri ila dash haiijui kabisa.

Ya dogo tulitoa cat tukaandika done < mauzo.txt, lupu ikasoma faili moja kwa moja bila paipu, jumla ikatoka, na ikatoka ileile kwenye bash, dash na zsh.